Ombi la Kutamkwa Kwamba Uchaguzi wa Kijiji Chetu Ulikuwa Utani

Kijiji cha Ujamaa Namitondo,
28 Agosti 1975.

Ndugu Afisa wa Elimu ya Siasa kwa Vijana,

KUH: UCHAGUZI WA JUMAPILI TAREHE 24 AGOSTI, AMBAO HAUKUWA UCHAGUZI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na ofisi yako nayo nzima. Huku kwetu mikorosho imetoa maua vizuri, mbaazi zimekwisha kupurwa, na watu wote ni wazima isipokuwa mimi, ambaye tangu Jumapili chakula hakipiti.

Ndugu Afisa, nakuandikia kwa heshima zote nikiomba ofisi yako itoe tamko rasmi, lenye sahihi, kwamba jambo lililotokea kijijini kwetu siku hiyo lilikuwa utani wa babu na mjukuu wake, na kwamba kwa sababu hiyo mimi bado ni mwenyekiti. Nalihitaji tamko hilo kabla ya Jumamosi tarehe 6 Septemba, siku ambayo nimeamriwa na mkutano kukabidhi muhuri wa kijiji. Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni na sitaki kuuanza nikiwa raia wa kawaida.

Kwanza nijitambulishe kwa tarakimu, maana maneno kila mtu anayo. Nina miaka sitini na moja. Shule sikuikanyaga hata siku moja. Niliingia shamba la mkonge nina miaka kumi na minne, nikikata na kufunga matita, na kwa kuwa nilichoka kupunjwa nilijifunza kuhesabu kabla ya kujua kusoma. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya kwenye magunia. Leo nina mikorosho themanini na minne niliyoipanda kwa mkono wangu, nyumba ya bati, baiskeli moja, na mke mmoja, Bi. Siti, ambaye nitamtaja tena kwa masikitiko. Uenyekiti nimechaguliwa mara tatu: 1969, 1971 na 1973. Mara zote tatu nilisimama peke yangu na mara zote tatu nilishinda. Mwaka 1971 watu waliohudhuria walikuwa 148 nami nikapata kura 160. Mgeni rasmi wa siku ile alisema hajawahi kuona mwamko wa namna hiyo.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. SEMINA. Tarehe 4 Agosti ofisi yako ilituletea Ndugu Dionis, kijana msafi mwenye ubao wa kukunjwa, aje kuwahamasisha vijana washiriki katika demokrasia. Mimi mwenyewe nilimpokea. Nilimchinjia majogoo wawili na kumpa kitanda changu. Sikuwa na kinyongo, kwa sababu kushiriki kwa vijana tulikuwa nako siku zote. Kijana wetu alishiriki kwa kufika mapema, kupanga viti, kukaa mbele, kupiga makofi palipo na nafasi ya makofi, na kuvirudisha viti. Nilidhani Ndugu Dionis amekuja kuongeza sauti ya makofi.

Badala yake aliwaambia kwamba serikali ya kijiji ni yao. Aliwaambia hivyo siku tatu mfululizo, asubuhi na mchana, akichora. Ndugu Afisa, ukimwambia kijana jambo mara moja anasahau, nasi wazee tumeiwekea sahau hiyo matumaini makubwa. Ukimwambia siku tatu na picha juu yake, umeharibu kazi.

Halafu siku ya kuondoka, akiwa amekwisha kupanda gari, aliinamisha kichwa dirishani akaniambia, "Mzee, na safari hii jitahidini wagombea wawe wawili. Mmoja haipendezi." Naomba uliandike neno hilo. Hakusema ni sheria. Alisema haipendezi. Nami nikalichukua kama mtu anavyoambiwa apake chokaa nyumba kwa ajili ya wageni.

2. MASWALI. Katika siku tisa baada ya semina niliulizwa na vijana maswali arobaini na sita. Nimeyahesabu. Katika miaka sita iliyotangulia niliulizwa matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya kuniuliza saa. Anayeongoza ni Ismaili, katibu wa vijana, ambaye kabla ya semina alikuwa mtoto mzuri sana, mcheza mpira. Sasa anatembea na daftari. Aliniomba daftari la muhtasari wa mikutano. Nikampa. Akarudi baada ya robo saa akasema, "Shikamoo babu. Mikutano yote thelathini na minane imeandikwa sentensi moja: Mkutano ulikwenda vizuri." Nikamwambia marahaba, na kwamba ndivyo ulivyokwenda. Akauliza kama hata ule ambao paa la shule liliezuliwa na upepo watu wakiwamo ndani ulikwenda vizuri. Nikamwambia paa halikuwa katika ajenda.

Aliuliza pia kwa nini mwenyekiti hapangiwi kundi katika shamba la ujamaa. Nilimweleza kwa upole kwamba kila jembe linahitaji mtu wa kulitazama likifanya kazi. Akaandika.

3. MSHINDANI. Hapa ndipo kiini cha lalamiko langu, naomba usome polepole.

Nilihitaji mgombea wa pili kwa ajili ya kupendeza. Nikatafuta mtu ambaye akishindwa hataona aibu na mimi nikimshinda sitaonekana mchoyo. Wewe unajua desturi zetu. Babu na mjukuu ni watani. Tangu Maftaha, binti wa mwanangu Hasani, ajue kutembea, mimi namwita mke wangu na yeye ananiita mume wangu mchakavu. Huniibia tumbaku mbele ya macho yangu, nami humwambia nitampa talaka. Anaweza kusema lolote juu yangu, hadharani, na mimi sina ruhusa ya kukasirika, kwa sababu babu anayemkasirikia mjukuu kwa utani huchekwa na kijiji kizima mpaka kaburini. Vivyo hivyo yeye kwangu.

Nikasema, huyu ndiye. Ana miaka ishirini na mmoja, amemaliza darasa la saba, anawafundisha wazee kisomo jioni, na watu wanampenda kiasi cha kutosha bila kuzidi. Nikaenda kwao nikamwambia, "Mke wangu, Jumapili nataka unishindanie kiti." Akaniuliza, "Nikushindanie kweli au nikushindanie uongo?" Nikacheka nikamjibu, "Kama mke anavyoshindana na mumewe." Bi. Siti alikuwapo, akatikisa kichwa tu. Sasa ndipo naelewa kwamba nilitoa jibu baya.

Jina lake nililipeleka mimi mwenyewe. Fomu yake nilimjazia mimi. Mahali palipoandikwa "Mdhamini" pana sahihi yangu. Naambatisha nakala ili uone jinsi jambo zima lilivyokuwa la utani tangu mwanzo.

4. HOTUBA. Nilihutubia kwanza, kwa muda wa saa moja na dakika ishirini, nikieleza mafanikio. Kisha akasimama Maftaha. Maneno yake nayakumbuka yote, kwa bahati mbaya.

Alisema, "Ndugu wananchi, mume wangu huyu mnamjua. Ana meno manne na vyeo sita. Katika kikao cha mwezi wa tatu alisinzia katikati ya sentensi yake mwenyewe, na alipozinduka akaiunga mkono. Mimi kama mke nimechoka kumwona anateseka. Nipeni hicho kiti nikae mimi, yeye akapumzike nyumbani nimkande mgongo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nami, Ndugu Afisa, nilicheka kuliko wote. Ningefanyaje? Nilicheka nikagonga meza. Yule aliyekuwa akinisema ni mtani wangu wa halali. Basi watu walipoona mwenyekiti mwenyewe anacheka wakajua ruhusa imetoka, na mambo ambayo yalikuwa hayasemwi yakaanza kusemwa kila upande. Mzee Tawakali, rafiki yangu wa miaka arobaini, alipaza sauti, "Vyeo ni saba! Umesahau cha kufungua maji!"

Kisha, bila kubadilisha uso wala sauti, Maftaha akaongeza kwamba yeye akipewa kiti, muhtasari utasomwa mbele ya watu kila mwezi, na zamu za shamba zitabandikwa ukutani, zikiwa na majina yote, na la mwenyekiti likiwa la kwanza. Mimi bado nilikuwa nacheka. Nilijua huo nao ni utani. Niliutambua kuwa si utani nilipoona kwamba waliobaki kucheka tulikuwa wawili, mimi na bwana mmoja ambaye masikio yake hayasikii vizuri.

5. KIVULI. Mimi ni mtu wa vitendo. Kwa kuwa kura zetu hupigwa kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea, nilikwenda mapema kupanga uwanja. Ghala letu la korosho limesimama katikati. Asubuhi kivuli chake kinaangukia upande wa magharibi, kipana, kizuri, chenye upepo. Huko nikaweka kiti changu. Upande wa mashariki, jua tupu, nikaweka cha Maftaha. Huo si udanganyifu. Hakuna mahali katika mafunzo ya Ndugu Dionis palipoandikwa kwamba vivuli vigawanywe sawa.

Saa tatu asubuhi watu wakajipanga. Kwangu walikuwa 131. Kwake walikuwa tisa, wote vijana, wakiungua. Nikasimama kushukuru. Ndipo Ismaili akanyoosha mkono, daftari kwapani, akasema ana hoja ya utaratibu.

Sikuwahi kuisikia. Alieleza kwamba watu wenye haki ya kura kijijini ni 312, na mkutano usiofikisha 157 haujatimia, hata kama mwenyekiti amevaa koti. Sisi tulikuwa 140. Wanaliita jambo hilo akidi. Nilimwambia kwamba mwaka 1969 tulikuwa 90 na nchi haikuanguka. Akanijibu, "Babu, kwa heshima zote, hata leo haitaanguka. Tutasubiri watu kumi na saba tu."

Vijana wakapanda baiskeli, nne, mojawapo ikiwa yangu, wakaenda mikoroshoni kuwaita waliokuwa wakifyeka. Tukasubiri. Saa nne. Saa tano. Saa sita jua likawa utosini na ghala likawa halina kivuli chochote. Watu wakatawanyika kunywa maji. Waliporudi kutoka mikoroshoni na wenzao, na majina kusomwa moja baada ya jingine, ikawa saa nane, na kivuli, Ndugu Afisa, kilikuwa kimehamia mashariki.

Mimi nilikaa kitini pangu, juani, nimevaa koti, nikawatazama watu wangu wakijipanga upya. Nilimwona Mzee Tawakali akija upande wangu, akasimama, akatazama juu, akafuta jasho, akageuka. Hata hakukimbia. Alitembea.

6. HESABU. Matokeo ni kama ifuatavyo: mimi 88, Maftaha 114. Bibi Mwahija, ambaye alikuwa amekaa katikati na ndoo yake, alikataa kuondoka, akasema kote wamesimama wajukuu wa watu, hachagui. Jumla 203.

Hesabu hii nimeirudia mara nne. Kutoka asubuhi nilipoteza watu 43. Waliokuja na baiskeli walikuwa 63. Ukimtoa Bibi Mwahija wanabaki 62. Jumlisha 43 na 62 unapata 105. Jumlisha wale tisa wa kwanza walioungua, unapata 114. Maana yake ni kwamba kati ya wote walioletwa kutoka mikoroshoni sikupata hata mmoja. Hata mmoja! Na baiskeli yangu ndiyo iliyobeba ishirini kati yao, kwa awamu.

Katika wale 43 yumo Bi. Siti, mke wangu wa miaka arobaini na mmoja. Nilipomuuliza nyumbani, hakuinua hata macho kwenye kisamvu. Alisema, "Maftaha ni mke mwenzangu. Ulitaka nimwache peke yake?" Huo nao ni utani, na siwezi kuujibu.

7. MABARAZA. Nilijaribu kudai haki yangu kwa njia zetu za kawaida. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo, kikao cha Jumatatu, nikiomba wamwamuru mjukuu arudishe kiti. Walisikiliza vizuri. Kisha wakaniuliza kama nimekasirika. Nikajua ni mtego. Nikisema nimekasirika, nimevunja utani na nitatozwa kuku. Nikisema sijakasirika, basi lalamiko ni la nini? Nikasema nina huzuni. Wakashauriana wakasema huzuni hawana kifungu chake. Kwa hiyo imebaki serikali tu.

8. MADHARA. Tayari karatasi ya zamu imebandikwa kwenye ukuta wa ghala, upande wenye kivuli cha asubuhi. Kuanzia tarehe 8 Septemba mimi niko kundi la tatu, kupalilia mihogo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kiongozi wa kundi la tatu ni Ismaili.

Watoto wa shule wamechagua kiranja kwa akidi. Timu ya mpira imemwondoa kapteni kwa hoja ya utaratibu. Mwanangu Hasani aliwaambia watoto wake kwamba mwaka huu hakuna nguo mpya za Idi, wakamwomba aahirishe uamuzi mpaka mama yao atakaporudi kisimani ili kikao kitimie. Mambo haya hayakuletwa na ukoloni. Yameletwa na semina, kwa gari la serikali.

Sasa naomba tufikiri pamoja kama watu wazima. Ofisi yako inaweza kunijibu kwamba kura ni kura. Sawa. Lakini ukisema hivyo umejifunga mwenyewe. Mimi hoja yangu ni kwamba uchaguzi ambao mgombea mmoja amewekwa tu ili mwingine apendeze, hautakiwi kuhesabiwa kuwa uchaguzi, hata matokeo yakiwa yamekuja vinginevyo. Huo ni utani. Ukikubali hivyo, nimeshinda. Najua mtu mkorofi anaweza kuuliza, je, na zile chaguzi tatu ambazo huyo wa kupendezesha hakuwekwa kabisa, zilikuwa nini? Nimelifikiria swali hilo siku mbili. Naona lisijibiwe. Jibu lake likianza kutembea halitaishia Namitondo. Litafika barabarani, litapanda basi, na sijui litashukia wapi.

Kwa hiyo maombi yangu ni manne:

(a) Litolewe tamko la utani, kama nilivyoeleza.

(b) Ndugu Dionis arudishwe kijijini kwa siku tatu nyingine, afundishe kinyume. Kila alichokichora akifute mbele ya vijana walewale, ili wakishuhudie kinafutika. Majogoo nitatoa.

(c) Umri wa kupiga kura kijijini utazamwe upya. Nimechukua orodha ya waliojipanga nikaipitia kwa miaka. Ukianzia kumi na minane, kama sasa, nashindwa 88 kwa 114. Ukianzia ishirini na mmoja nashindwa 87 kwa 101. Ukianzia ishirini na mitano nashindwa 84 kwa 85, yaani kwa kura moja, nayo ni ya Bi. Siti. Ukianzia thelathini na mitano nashinda 70 kwa 41, lakini kuna manung'uniko. Ukianzia hamsini na tisa, umri ambao Bi. Siti hajaufikia kwa miezi mitano, nashinda 23 kwa sifuri. Napendekeza hamsini na tisa. Ni umri wa busara, na mtu akiufikia huwa hana haraka ya kuuliza.

(d) Vijana waendelee kuhamasishwa kwa nguvu zote kushiriki katika demokrasia, lakini katika wilaya nyingine.

Sina chuki na kijana yeyote. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa kijana, kuanzia mwaka 1930 mpaka 1945, na katika muda wote huo hakuna aliyeniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote, na mnaniona nilivyo. Nawapenda na nawatakia mema. Naomba tu wawe taifa la kesho, kama tulivyoahidiwa siku zote, na hiyo kesho isije Jumapili.

Nisalimie wote ofisini, mpiga chapa, mhudumu wa chai, na dereva aliyemleta Ndugu Dionis, ambaye alikula vizuri na hakusema neno. Msalimie Ndugu Dionis mwenyewe. Mwambie kitanda changu bado kina alama za chaki. Bi. Siti anakusalimu. Maftaha naye anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika, angejua angekusalimu.

Ndimi ninayesubiri jibu lako nikiwa nimekaa na muhuri mfukoni,

Abdurahmani Likwata,
Mwenyekiti, mpaka Jumamosi.

NYONGEZA, Jumatatu tarehe 1 Septemba:

Ndugu Afisa, barua hii ilikosa basi la Ijumaa, ndiyo sababu naongeza.

Jumamosi asubuhi lilikuja gari la operesheni ya kuhamishia watu vijijini, na ndani yake bwana mmoja mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi. Alikuwa na karatasi. Ilisema nyumba kumi na saba za mstari wa nyuma zivunjwe na kujengwa ng'ambo ya barabara, ili kijiji kikitazamwa kutoka garini kionekane kimenyooka. Ya tano katika orodha ni yangu. Alitaka kitu kimoja tu, muhuri wa mwenyekiti, basi. Vijana wa kuvunja wangekuja Jumanne.

Yanipasa nikwambie jambo. Mwaka jana niliwahi kuletewa karatasi kama hiyo, ya kaya 146. Niliigonga muhuri nikiwa nimesimama, na chai yangu haikupoa. Sikuuliza kitu. Watu walitoka kwenye mashamba ya baba zao na milango vichwani. Mzee Tawakali alikaa siku ishirini na moja chini ya turubai la kuanikia korosho, na mkewe anaumwa, na hakunilaumu hata kwa jicho. Sikujua kwamba karatasi inaulizwa maswali. Naapa sikujua.

Safari hii nilitia mkono mfukoni nikaushika muhuri, na maneno yaliyonitoka ni haya: "Mwenyekiti si mimi. Ngoja aitwe."

Maftaha alikuja na vumbi la chaki mikononi. Aliisoma karatasi mara mbili. Akauliza mkutano gani uliamua, wa tarehe ngapi, na akidi yake ilikuwa watu wangapi. Yule bwana akamtazama akamuuliza, "Binti, wewe umeolewa?" Akamjibu, "Nimeolewa na mzee huyu hapa, miaka ishirini na mmoja sasa. Turudi kwenye swali la kwanza."

Nyuma yake walikuwa wamekwisha kusimama watu. Siwezi kusema idadi, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuhesabu. Nilikuwa miongoni mwao. Bwana yule alisema atakwenda kuyatafuta majibu. Hajarudi. Nyumba zote kumi na saba zimesimama, na mimi naandika haya nikiwa ndani ya ile ya tano.

Kwa hiyo nakuomba maombi yangu yote manne usiyafanyie kazi. Uchaguzi ulikuwa uchaguzi. Muhuri nimeukabidhi jana, siku sita kabla ya tarehe. Ndugu Dionis aje, lakini aje kwa wazee. Tuko ishirini na watatu na wengi wetu tunaona vizuri ubaoni tukikaa mbele.

Barua yenyewe nilitaka kuichana. Mwenyekiti amenikatalia. Amesema lalamiko la mwananchi likishaandikwa ni lazima lifike linakokwenda, awe amelalamikiwa nani, na ameligonga muhuri na kulipa namba 32. Nikamuuliza kwa nini thelathini na mbili wakati hili ndilo la kwanza alilopokea. Alinyoosha mkono tu, akangoja. Wazee wengi wa kisomo yeye ndiye aliyewaandikia malalamiko yao, na wengine walimsimulia, kwa hiyo alijua kuna mangapi.

Nikaingia chumbani nikayatoa. Ni thelathini na moja, ya tangu 1969, ambayo watu walinipa niyafikishe kwenu. Mengine ni juu yangu, mengine si juu yangu, na la Mzee Tawakali ni la lile turubai. Yote yamo katika bahasha hii. Tafadhali anza na lililo chini kabisa. Ndilo lililongoja kuliko yote.

A. L.